Juma lenye siku mbili za tano

Kwenye kijiwe kimoja cha kahawa mjini Tanga kuna mzee ambaye hamalizi kikombe bila kumtegea mtu chemsha bongo. Siku ya zamu yangu aliuliza swali la mtoto wa darasa la kwanza: "Mwanangu, siku ya tano ya juma ni ipi?" Nikajibu mbio mbio kama mtu aliyeulizwa jina lake. Jumatano, si jina lenyewe linasema? Mzee akamimina kahawa taratibu. "Na Alhamisi je?" Nikasema ya sita. "Haya, Alhamisi maana yake nini?" Hapo nikanyamaza, maana nilishaliona shimo nililotumbukia. Khamsa kwa Kiarabu ni tano. Alhamisi ni "ya tano". Nikalipia kahawa na kashata za watu wanne, nikaondoka nahesabu vidole.

Siku mbili zinazofuatana, zote za tano, na hakuna anayeshtuka. Tumezaliwa tukazikuta hivyo, tumezisoma shuleni hivyo, na kila wiki tunazipita hivyo hivyo.

Fumbo lina ufunguo wake. Waarabu wanaanza kuhesabu siku Jumapili, wanayoiita al-ahad, ya kwanza. Inafuata al-ithnayn, ya pili, ambayo kwetu ni Jumatatu, na hesabu inakwenda hadi al-khamis, ya tano. Ijumaa haina namba, ni siku ya mkusanyiko. Jumamosi nayo ni as-sabt, Sabato. Wayahudi wanahesabu hivyo pia, na hata Wareno: Jumatatu yao ni segunda-feira, ya pili, na Alhamisi ni quinta-feira, ya tano. Waomani na Wareno walimwaga damu nyingi kugombea Mombasa hadi Ngome ya Yesu ilipoanguka mwaka 1698, lakini kuhusu siku ya tano hawakuwa na ugomvi wowote.

Mswahili yeye hakuanzia Jumapili. Alisubiri Ijumaa ipite, watu watoke msikitini, ndipo akaanza moja: Juma-mosi, siku ya kwanza baada ya Ijumaa. Kisha Juma-pili, Juma-tatu, Juma-nne, Juma-tano. Hesabu ilikuwa inakwenda vizuri kabisa, na siku iliyofuata ingestahili kuitwa ya sita. Lakini pale mlangoni ilikuta majina mawili ya Kiarabu yameshakaa kitako, Alhamisi na Ijumaa, nayo hayakukubali kuondoka. Hesabu moja imeanzia Jumamosi, nyingine imeanzia Jumapili, zimekutana katikati ya juma na kila moja imekuja na tano yake.

Kwa nini Alhamisi nayo haikubadilishwa, wakati siku yenye heshima ni Ijumaa? Mimi naona jibu liko kwenye jua. Kwa hesabu ya zamani ya pwani, siku haianzi usiku wa manane, inaanza jua linapozama. Alhamisi ikifika magharibi tayari ni usiku wa Ijumaa, na mpaka leo wazee husema "usiku wa Ijumaa" wakimaanisha ule ambao kijana wa mjini anauita Alhamisi usiku. Siku hizo mbili zimeshonwa pamoja. Ukiigusa moja unaitikisa nyingine.

Ukisafiri kuelekea bara, mambo yanazidi kunoga. Kigali, Jumatatu ni "ku wa mbere", siku ya kwanza, kwa hiyo "ku wa gatanu", siku ya tano, ni Ijumaa. Kampala nako Ijumaa ni Lwakutaano, ya tano. Jumatatu ya Waganda, lakini, haikupewa namba. Inaitwa Bbalaza, na hilo ni baraza letu sisi, limepanda kutoka pwani na kugeuka jina la siku. Kwa hiyo mfanyabiashara anayetoka Dar kwenda Kigali kupitia Muscat (njia ya ajabu, lakini tumsamehe kwa ajili ya mfano) atakutana na siku ya tano mara tatu: Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, na kila mwenyeji atamwapia kwamba hesabu sahihi ni ya kwao.

Neno juma lenyewe lina ukoo mkubwa. Limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kukusanya. Ijumaa ni siku ya kukusanyika. Jamii ni watu waliokusanyika, jamaa ni ndugu wa kundi moja, jumuiya ni hivyo hivyo, na Msikiti wa Jamia pale Nairobi umebeba jina hilo hilo. Hata ujamaa, sera iliyotangazwa Arusha mwaka 1967, kwa damu ni dada wa Ijumaa. Na kijana aitwaye Juma mara nyingi amepewa jina la siku aliyozaliwa, kama alivyo Hamisi. Tanzania tuna akina Jumanne pia, wengi tu, ila sijawahi kukutana na mtu anayeitwa Alhamisi kwa ukamilifu wake.

Turudi kwa mosi, maana hapo ndipo udongo wa chini unapoanza kuonekana. Leo hatuhesabu machungwa kwa kusema "mosi". Tunasema moja. Lakini mosi haijafa. Iko kwenye Jumamosi, iko kwenye Mei Mosi, iko kwenye majina ya watoto wa kwanza, na mbunge akisimama kujenga hoja utasikia "mosi… pili…" hata kama hoja yenyewe ni moja tu. Maneno ya zamani hayaondoki moja kwa moja. Hujificha mahali ambapo hakuna mtu mwenye haraka: kwenye sherehe, kwenye majina, kwenye kalenda.

Chukua namba moja hadi kumi uzisikilize. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni za Kibantu, na zina ndugu kila upande. Tatu yetu kwa Waganda ni ssatu, kwa Wakikuyu ithatu, na ukishuka mpaka kwa Wazulu ni thathu. Zilizobaki tatu, sita, saba na tisa, ni wageni kutoka Uarabuni: sitta, sab'a, tis'a. Kabla yao Mswahili alisema mtandatu, mfungate na kenda. Sikiliza mtandatu vizuri utamsikia tatu ndani yake, tena mara mbili. Ni tatu na tatu. Nane nayo ni nne na nne zilizobanana mpaka zikawa neno moja. Hapo ndipo naanza kuicheka sikukuu yetu ya wakulima ya tarehe 8 Agosti: Nane Nane, ukiipekua hadi mfupani, ni nne na nne, halafu tena nne na nne. Saba Saba, mwezi mmoja kabla yake, ni Kiarabu kitupu.

Kwa nini wageni wakaingia kwenye sita, saba na tisa tu? Ukilinganisha lugha za Kibantu unaona moja hadi tano pamoja na kumi zimesambaa karibu kila mahali, zinafanana. Sita hadi tisa ndiko kila kabila lilikojitengenezea lake: huku wakijumlisha, kule wakitaja kidole gumba, kwingine wakisema "kasoro moja". Mahali palipokuwa na nyufa ndipo maji yalipopenya. Kwenye makumi mambo yalikuwa makali zaidi. Ishirini, thelathini, arobaini hadi tisini zote zimetoka Uarabuni, na "makumi mawili" imebaki kwenye maandishi ya zamani na kwa watu wanaopenda kuongea kama maandishi ya zamani. Nadhani biashara ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Nyumbani unahesabu kuku watano, lakini bandarini unahesabu marobota themanini, na anayenunua ndiye anayetaja bei. Kwa hiyo mtu akikuambia ana miaka thelathini na tatu, kwenye makumi kasimama Mwarabu, kwenye mamoja kasimama Mbantu, na katikati "na" inawashika mikono.

Zile tatu za zamani zilikimbilia wapi? Mfungate ilikimbilia harusini. Fungate ni zile siku saba ambazo bwana na bibi harusi hukaa ndani, hawatoki wala hawafanyi kazi, wanatunzwa na kulishwa. Leo utasikia watu wameenda fungate siku tatu hotelini, na wengine mwezi mzima. Lugha haiwakatazi, lakini hesabu inawakataa, kwa sababu fungate ni saba. Kenda ilikimbilia Kilifi na Kwale. Mijikenda ni miji kenda, yaani miji tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Wachonyi, Wakauma, Wakambe, Wajibana na Waribe, na kila mmoja ana kaya yake, msitu wenye makazi ya kale. Misitu hiyo ya kaya iliingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Mtangazaji wa redio anayesema "makabila tisa ya Mijikenda" amesema tisa mara mbili bila kujua. Mtandatu nayo hai huko Rwanda, ambako Jumamosi ni "ku wa gatandatu", ya sita. Ukivuka bahari hadi Ngazija, Wakomoro wanakuambia mfukare kwa saba na shenda kwa tisa, na ukiyasikiliza utayatambua kama unavyomtambua binamu uliyempoteza utotoni.

Saba, kwa kweli, ndiyo namba iliyovaa nguo nyingi kuliko zote. Tuna fungate ya Kibantu, tuna saba ya Kiarabu, na tuna Septemba, ambayo kwa Kilatini ni mwezi wa saba ingawa kwetu ni wa tisa. Warumi wa kale walianza mwaka Machi. Walipohamishia mwanzo Januari hawakujisumbua kubadilisha majina, kwa hiyo Oktoba ni ya nane, Novemba ya tisa, Desemba ya kumi, na zote zimekaa viti viwili mbele ya namba zao. Anayetucheka kwa Jumatano na Alhamisi, kwanza aitazame kalenda iliyo ukutani kwake.

Halafu kuna saba ya nne, ya Kireno. Pale kijiweni wakichoka na bao hucheza karata, na karata ya saba wazee waliiita seti, kutoka sete ya Kireno. Karata zenyewe ni ghala la Wareno: neno karata ni lao, turufu ni trunfo yao, na kuna kitu kilichonisumbua kwa miaka. Ule moyo mwekundu tunauita kopa. Kwa nini kopa, wakati ni moyo? Kwa sababu copas kwa Kireno ni vikombe. Uru ni ouros, dhahabu. Shupaza ni espadas, panga. Pau ni paus, marungu. Karata za leo hazina kikombe wala upanga kwa sababu picha zake ni za Kifaransa, ila Wareno walizipokea picha hizo mpya huku wakiyang'ang'ania majina ya karata zao za zamani. Na hizo za zamani, zenye vikombe, sarafu, panga na fimbo, Ulaya ilizipata kwa Waislamu. Karata za namna hiyo za Misri ya Wamamluki zimehifadhiwa kwenye jumba la Topkapi mjini Istanbul, na huko marungu yalikuwa fimbo za kuchezea polo. Kwa hiyo mzee anapopiga kopa chini kwa kishindo huko Tanga, ametaja kwa Kireno kikombe cha Misri juu ya moyo wa Kifaransa.

Kalenda ya miezi ina vituko vyake. Waswahili Waislamu wanajua majina ya miezi kama Shawali na Muharam, lakini pwani ilijipangia hesabu yake. Ramadhani ikiisha watu wanafungua, basi mwezi unaofuata ni Mfunguo Mosi, kisha Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu, hadi Mfunguo Kenda, ambao wengine huuita Mfunguo Tisa. (Kenda tena, imejificha kwenye kalenda.) Baada ya hapo inakuja miezi mitatu iliyobaki na majina yake, Rajabu, Shaabani na Ramadhani, na mzunguko unaanza upya. Maulidi yanaangukia Mfunguo Sita. Jambo lililonifurahisha ni kwamba mwaka mpya wa Kiislamu unaanza na Muharam, na Muharam kwa hesabu hii ni Mfunguo Nne. Mwaka unaanzia mwezi wa nne! Ni kama ilivyokuwa kwenye juma. Mswahili hapingi kalenda ya dini, anaifuata, ila vidole anaanza kuvikunja pale maisha yanapogeuka: siku baada ya sala ya Ijumaa, mwezi baada ya mfungo.

Na chini ya hiyo kuna kalenda nyingine, ya jua, ya mabaharia na wakulima. Mwanzo wake ni Nairuzi, neno la Kiajemi lenye maana ya siku mpya, na sherehe yake inayojulikana zaidi ni Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, ambako wanaume huchapana kwa migomba na kibanda huchomwa moto. Nowruz ya Iran husherehekewa Machi, Mwaka Kogwa ni Julai. Imekuwaje? Mwaka wa Nairuzi ya pwani una siku 365 kamili, hauna siku ya nyongeza kila baada ya miaka 4, kwa hiyo unarudi nyuma siku moja kila miaka minne, karibu siku 25 kwa karne. Katika karne ya 19 siku hiyo iliangukia mwishoni mwa Agosti. Ndiyo hiyo hiyo, imeteleza. Baadhi ya Waparsi wa India, waliohama Uajemi na mwaka wa namna hiyo, mwaka wao mpya nao umeteleza hadi Julai na Agosti.

Siku za mwaka huo zilihesabiwa kwa mafungu ya kumi kumi, na kila fungu liliitwa mwongo. Miongo 36 na siku 5 za ziada, mwaka umekwisha. Leo gazeti likiandika "katika muongo uliopita" linamaanisha miaka 10. Neno lile lile limepandishwa cheo kutoka siku hadi miaka, na kwa bahati mbaya likaachwa likifanana na jina la mtu asiyesema kweli.

Saa nayo lazima niiguse, kwa sababu shangazi yangu bado hajasamehe. Alikatiwa tiketi ya basi la Dodoma, imeandikwa 07:00. Akaisoma kama ilivyo, saa saba. Akapika, akala, akafika stendi saa sita na nusu mchana, ametulia kabisa, mtu wa kuwahi. Basi lilikuwa limeondoka saa moja asubuhi na muda huo limeshaiacha Morogoro. "Wameandika saba," alinipigia simu, "saba, baba, kwa macho yangu." Na kwa Kiswahili shangazi alikuwa na haki. Huku kwetu karibu na ikweta, tofauti ya siku ndefu na siku fupi kwa mwaka mzima haifiki saa moja. Jua likichomoza mchana umeanza, na saa moja ni saa ya kwanza ya mwanga. Kuanza kuhesabu saa za mchana gizani, watu wakiwa wamelala, ndiko kunakohitaji maelezo.

Tena tuko na wenzetu wa kale. Injili zinasema Yesu alipokuwa msalabani giza liliingia saa sita likakaa hadi saa tisa. Mwingereza akisoma "saa ya tisa" kwenye Biblia yake anahitaji tanbihi, aelezwe kwamba si saa tatu asubuhi. Mswahili anasoma, anaelewa, anaendelea, kwa sababu Warumi nao walihesabu saa za mchana tangu jua kuchomoza. Hata neno la Waingereza la adhuhuri, noon, limetokana na nona ya Kilatini, yaani saa tisa. Zamani lilikuwa ni alasiri, likasogea pole pole hadi saa sita mchana, na sasa wanasema "ya tisa" wakimaanisha ya sita. Nikimweleza shangazi hilo pengine atapoa kidogo.

Sokoni lugha zinajaa zaidi. Sema "milioni moja, laki mbili na elfu tano". Milioni ni Kiitaliano kwa asili, elfu iliyokuzwa. Laki ni ya Kihindi. Elfu ni Kiarabu. Moja, mbili na tano ni zetu. Sifuri zinazofuata nyuma zimetembea kuliko zote. Wahindi waliiita shunya, yaani tupu. Waarabu wakaitafsiri sifr, ambayo nayo ni tupu. Leonardo wa Pisa, anayejulikana kama Fibonacci, akaiandika zephirum kwenye kitabu chake cha hesabu cha mwaka 1202, na Waitaliano wakaifupisha ikawa zero. Mwanafunzi anayesema sifuri na mwalimu wake anayesema ziro wanabishana kwa neno moja lililoingia nyumbani kwa milango miwili.

Kuna namba nyingine zimejificha ndani ya fedha. Senti hamsini wakubwa wetu waliiita thumni, au sumni kwa ulimi wa mtaani, na thumni kwa Kiarabu ni sehemu moja ya nane. Nusu shilingi inakuwaje moja ya nane? Moja ya nane ya nini? Ya riali. Pwani yote ilifanya biashara kwa sarafu kubwa ya fedha ya riali, na riali moja ilikaribia rupia mbili. Waingereza walipoiondoa rupia, mwanzoni mwa miaka ya 1920, waliibadilisha kwa shilingi mbili. Riali moja basi ni shilingi nne, na shilingi nne ukizigawa kwa nane unapata senti hamsini. Riali ilishakufa, rupia ikafa, shilingi ikashuka hadi senti zikawa za kusimuliwa, lakini neno liliendelea kufanya hesabu yake ya gawanya kwa nane bila kuulizwa.

Ushuru nao ni hivyo. Umetoka kwenye 'ushr, moja ya kumi. Mkristo anayetoa fungu la kumi kanisani na mfanyabiashara anayelipa ushuru bandarini, kwa maneno, wanatoa kitu kimoja. Kwa mfuko ni habari nyingine. Ushuru wa forodha wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una ngazi kuu za asilimia 0, 10, 25 na 35. Ngazi moja tu ndiyo inayoliheshimu jina.

Riali yenyewe tuitazame kwa karibu, kwa sababu imetuachia kitu ambacho wakazi wa Dar wanakipanda kila siku. Riali iliyopendwa zaidi huku ilikuwa ya Austria, yenye sura ya malkia Maria Theresa. Imeandikwa mwaka 1780, mwaka aliofariki, na iliendelea kuchapwa na tarehe hiyo hiyo miaka mingi baadaye kwa sababu wafanyabiashara hawakutaka nyingine. Huko kwao iliitwa thaler. Jina hilo ni kifupi cha Joachimsthaler, sarafu zilizoanza kuchapwa mwanzoni mwa karne ya 16 kwa fedha iliyochimbwa Joachimsthal, mji ambao leo unaitwa Jáchymov, Jamhuri ya Czech. Thaler ikazaa dollar, dollar ikazaa dola yetu, na dola ikazaa dala. Enzi za Vita Kuu ya Pili paundi ya shilingi 20 ilikuwa dola 4 na senti chache, yaani dola moja kwa shilingi tano hivi, na shilingi tano zikabaki na jina la dala. Miaka ya 1980 mabasi madogo ya watu binafsi yalipoanza kubeba abiria Dar es Salaam, nauli ilikuwa shilingi tano. Makonda wakaita "dala! dala!" na gari likapata jina.

Thal, kwa Kijerumani, ni bonde. Thaler ni "ya bondeni".

Nilikaa na hilo wiki nzima, kisha nikarudi kijiweni. Yule mzee ni Mbondei wa Muheza, kabila ambalo jina lake limetokana na bonde. Nikamwambia leo zamu yangu: "Mzee, daladala na Wabondei wanachangia jina wapi?" Akaweka kikombe chini, akatazama barabarani, gari moja likapita limejaa, konda ananing'inia mlangoni. Akasema nimpe mpaka Alhamisi. Nikamuuliza ipi, ya tano au ya sita? Kahawa ya siku hiyo alilipa yeye.